Staring Hadedi

Mtaa yetu ilikuwa na kibanda moja ya video, mabati juu, mabati kando, kuingia ni ashu. Ndani kuna mabenchi, TV ya kichogo imefungiwa kwa keji ya chuma, na joto ya watoi arobaini wamefinyana. Sauti ya DJ Afro ndio ilikuwa inatubebea stori. Muvi inaweza kuwa ya Wachina ama ya Wahindi, lugha husikii hata neno, lakini yeye anakuwekea kila kitu kwa Kiswahili ya mtaa: huyu ndio staring, yule ni adui, huyu mzee ndiye alimmaliza buda ya staring kitambo. Na kulikuwa na sheria moja yenye hakuna mtu alitufunza lakini wote tuliijua. Staring hadedi. Anaweza pigwa risasi tatu, atupwe kwa mto, nyumba imwangukie, atatoka tu. Mtoi mgeni akianza kulia juu staring ameanguka, unamgusa bega, unamshow: tulia, huyo ni staring.

Nilianza kujijua nikiwa fom tatu. Kulikuwa na manzi wa deski ya mbele, akigeuka tu kuniomba rula, roho yangu inadunda kama sabufa ya nganya. Hiyo kitu sikuwa na jina yake. Majina zenye nilikuwa nazisikia mtaani zote zilikuwa za kutusi mtu. Kwa hivyo kabla sijaambia binadamu yeyote, nilienda kutafuta muvi.

Kuna msee alikuwa na muvi shop karibu na stage, unampea flash yako, anakuwekea muvi moja na finje. Mi sikuweza kutaja jina kwa sauti. Niliiandika kwa karatasi, nikaikunja, nikampea. Akaikunjua, akasoma, akaniangalia kidogo, akarudi kwa kompyuta akaniwekea. Hakusema kitu, na hata hakuambia wale majamaa walikuwa wamekaa hapo nje. Mpaka leo huyo msee namwombeanga mema.

Ilikuwa Brokeback Mountain. Niliicheki usiku chini ya blanketi na laptop ya kazo yangu. Jack akadedi. Nikarudi na karatasi ingine, Boys Don't Cry, Brandon akauliwa. Ya tatu Philadelphia, na humo Tom Hanks anazimika polepole na ukimwi hadi anaisha. Muvi kali zote, siwezi danganya, na watu walizitengeneza walikuwa na huruma na sisi. Lakini nilibaki nimekaa kwa hiyo giza nikisikia baridi kwa mifupa. Kule kibandani sheria ilikuwa moja. Huku kwa watu kama mimi, nikaona sheria ni ingine: staring ni lazima adedi.

Ndio maana mtu akiniambia hizi tamasha za muvi za makuchu ni anasa ya watu wa Kilimani wakikunywa waini, namwomba akae chini nimchoree. Tamasha kama hizo zilianzishwa na watu walikuwa wamechoka kujiona wakizikwa kwa skrini. San Francisco walianza 1977, na hiyo yao, Frameline, bado iko mpaka leo. Berlin wakaanza kupeana Teddy mwaka wa 1987, tuzo ya muvi za kwia ndani ya tamasha kubwa ya Berlinale. Huku Afrika, Sauzi ndio walitangulia na Out in Africa, 1994, mwaka ule ule wenye Mandela alichukua nchi.

Nairobi tulianza 2011. Out Film Festival ilifanyika pale tao, Goethe-Institut, Maendeleo House, kona ya Loita na Monrovia. Kevin Mwachiro, mwanahabari na mwandishi, ni mmoja wa wale waliianzisha. Hebu fikiria hiyo picha: nje masaa ya jioni watu wanapigania mat za kurudi mtaani, makanga wanabonga juu ya sauti zao, na hapo ndani, ngazi kidogo tu kutoka kwa hiyo kelele, watu wamekaa kwa viti wakicheki mapenzi yao kwa ukuta. Hii ni nchi yenye kifungu cha 162 cha sheria ya jinai kinaweza kukupeleka ndani miaka 14. Kukaa hapo tu, uso wako ukionekana na jirani wa kiti, ilikuwa kitu ya roho ngumu.

Halafu hapa Kenya kuna hiyo Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani. Ukitaka kushuti muvi, leseni. Ukitaka kuionyesha watu, bodi ya filamu iicheki kwanza iseme ni ya umri gani, ama iseme haionyeshwi kabisa. Hapo ndio vita yote imekuwanga.

Mbogi ya The Nest Collective iliionja kwanza. Walizunguka wakirekodi Wakenya wa kwia wakisimulia maisha yao, hadi stori zikawa nyingi wakaona wazigeuze muvi. Stories of Our Lives ina vipande vitano, rangi ni nyeusi na nyeupe, na yote walishuti na kamera moja ndogo. Kipande ya kwanza inaitwa Itisha Poa, ni ya madem wawili wa shule. Nikikumbuka yule wa rula, naskianga kama mtu aliingia darasa letu na hiyo kamera. Ilienda Toronto Septemba 2014. Kwanza walikuwa wameficha majina zao wote, lakini walipofika huko watatu wakasimama wakajitaja: Jim Chuchu mwenye aliidairekt, Njoki Ngumi, na George Gachara. Kurudi nyumbani, bodi ikaipiga marufuku Oktoba, na Gachara akashikwa, mashtaka ni kushuti bila leseni. Miezi michache baadaye, Februari 2015, majaji wa Teddy kule Berlin wakaipea tuzo yao maalum. Wajerumani waliicheki kwa skrini kubwa. Sisi wenye tulisimulia hizo stori ilibidi tungoje.

Sasa nikuje kwa ile yenye naipenda na roho yote.

Rafiki ya Wanuri Kahiu inaanza na rangi. Kena anateleza na skeitibodi kwa mtaa, nguo zimeanikwa kwa balkoni, ukuta ni pinki, ngoma ni Suzie Noma ya Muthoni Drummer Queen, na unajua kabisa hii ni Nairobi, hii jua ni yetu. Samantha Mugatsia ndio Kena, Sheila Munyiva ndio Ziki, yule wa nywele za rangi kama peremende. Mabuda zao wote wanataka kiti ya MCA, wanapigania kura. Buda ya Kena ni Jimmi Gathu, yule tumekua tukimwona kwa TV. Stori imetoka kwa Jambula Tree, hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, yenye ilishinda Caine Prize 2007. Madem wawili wanajificha kwa gari moja mzee imetupwa, maua zimeota karibu, na wanaongea tu. Ziki anamuuliza Kena mbona anataka kuwa nesi na anaweza kuwa daktari. Hiyo swali moja ilinibamba kuliko busu. Mtu anakupenda na anakuona mkubwa kuliko venye unajiona.

Bodi iliicheki. Wanuri mwenyewe alishaeleza wazi venye mambo ilienda: shida yao kubwa ilikuwa mwisho. Walitaka abadilishe, hao madem waonekane wamejuta, juu vile alikuwa amemaliza kulikuwa na matumaini mingi sana. Akakataa. Tarehe 27 Aprili 2018 wakaipiga marufuku. Mwezi uliofuata ikapanda Cannes, muvi ya kwanza ya Kenya kuwahi kuchaguliwa huko, hadi nilisoma hiyo habari kwa mat nikashindwa nianze kushangilia ama nilie. Sijawahi ona mtu akieleza hiyo sheria ya staring vizuri kuliko hiyo bodi ilivyoieleza bila kujua. Kumbe hawakusumbuliwa na mapenzi pekee yake. Walisumbuliwa na staring kukataa kudedi.

Wanuri akaenda kortini. Ijumaa ya Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany akasema haamini Kenya ni jamii nyonge hivyo, ati muvi moja itatikisa maadili yake. Akasimamisha hiyo marufuku siku saba, watu wazima pekee, ndio muvi ipate nafasi ya kupelekwa Oscars.

Siku saba. Mi nilikuwa na job ya duka na bosi mkali, nikamwambia naenda hosi. Nikashuka Ngong Road, Prestige, na nikapata laini imeanzia kwa kaunta ya tikiti imejikunja hadi mi nikadhani kuna kitu wanapeana bure. Sijawahi ona laini kama hiyo ya muvi ya Kenya. Kulikuwa na madem wamevaa masuti za makoti makubwa, maboi wamepaka kucha, na pia kulikuwa na mamathe wawili wa hijabu, na mzee mmoja pekee yake na gazeti. Hakuna mtu alikuwa anauliza mwenzake umekuja juu ya nini. Dem wa mbele yangu alikuwa anatetemeka mikono, tikiti ikamwangukia, nikamwokotea. Hatukusalimiana. Tulichekeana tu.

Ndani, taa zikizima, kuna ukimya wa kipekee ulishika hiyo hall, si ule wa kanisa, ni kama ule wa watoi wakingojea kupimiwa chapo. Halafu Mama Atim, yule wa kibanda ya chakula mwenye hapitwi na udaku, akaanza kuongea, na watu wakaangua kicheko, juu kila mtu hapo alikuwa na Mama Atim wake mtaani. Hapo ndio nilielewa tofauti. Miaka yote nilikuwa nacheki hizi muvi peke yangu, maiyafoni kwa maskio, kidole iko tayari kufunga laptop mlango ikigongwa. Sikuwa najua zinachekesha. Kicheko inataka watu. Na ile sini ya mbogi ya mtaa kuwavamia, nilisikia hall nzima ikivuta pumzi mara moja, mzee wa gazeti akasema "Aaai!" kama mtu amegongwa yeye.

Mwisho, nitakutajia hata kama haujaicheki, Kena ako juu ya kilima, anaitwa jina, na mkono unamgusa bega. Basi. Taa zikawaka na watu hawakutoka. Tulikaa tu hapo kwa viti.

Mwaka uliofuata Mugatsia akabeba tuzo ya muigizaji bora wa kike kule FESPACO, Ouagadougou. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ikaunga bodi mkono. Septemba 2021 ikafika zamu ya I Am Samuel ya Peter Murimi, dokumentari yenye alifuatilia kwa miaka tano maisha ya Samuel, msee wa mjengo hapa Nairobi, mpenzi wake Alex, na buda yake mchungaji kule ocha. Hiyo nayo, marufuku. Ni muvi mpole sana. Kuna kulima, kuna maombi, kuna mzazi anajaribu kuelewa mtoi wake. Majirani wetu wa Uganda wamepitia moto kuliko sisi: Kamoga Hassan alianzisha Queer Kampala International Film Festival mwaka wa 2016, unaalikwa ndio unaambiwa iko wapi, na bado mwaka wa pili masanse wakaivamia. Tangu sheria yao ya 2023 ya kupinga makuchu, mi huwaza sana wale wote walikuwa wamekaa kwa hivyo viti.

Kwetu siku hizi tamasha inaweza kuwa keja ya mtu. Kuna mabeshte zangu wanaishi fuloo ya nne, wana projekta ndogo na shiti nyeupe wanaibana kwa kamba ya nguo na vibanio. Unabeba mto wako, mwingine anakuja na njugu, mwingine na lita mbili ya soda. Siku moja tulikuwa watu kumi na moja, tunairudia Rafiki, na kuna beshte mmoja mdogo hakuwahi kuiona, ametoka ocha wiki hiyo na begi moja, wazazi wamemfukuza. Tumefika tu pale Kena na Ziki wameshikwa, wamepelekwa kwa kituo cha polisi wakiwa wameumia, stima ikapotea. Block nzima giza.

Huyo mtoi akauliza kwa hiyo giza, sauti imekauka: "Wanakufa?"

Hakuna mtu alijibu haraka. Halafu Shiru, mwenye alikuwa amelala kwa zulia, akakaa, akakohoa, akaweka sauti ya DJ Afro kabisa, ile ya kupanda na kushuka, na akaanza kutusimulia iliyobaki. Akamweka Kena kwa seli, akamleta buda yake, akampeleka Ziki London na ndege akiinguruma na mdomo. Watu wakaanza kuitikia venye tulikuwa tunaitikia kibandani. Mtu akawasha tochi ya simu akaielekeza kwa shiti, ikabaki kaduara ka mwangaza hapo katikati, na Shiru akapandisha Kena kilima ndani ya hako kaduara.

Stima ilirudi kabla afike juu. Projekta ikawaka buluu, ikaandika hakuna signal. Nikamwona mwenye keja ananyoosha mkono achukue rimoti, halafu akaiacha. Huyo mtoi alikuwa amegeukia Shiru, magoti ameyakumbatia.

"Endelea," akamwambia.