Dawa Ipo Wilayani, Zahanati Haina

Septemba 2009, wahudumu wa vituo 129 vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini nchini Tanzania walianza kupokea ujumbe mfupi wa simu kila Alhamisi. Waliulizwa jambo moja tu: mmebakiwa na dawa ngapi za malaria? Wakaingia stoo, wakahesabu, wakajibu bila kulipia, na aliyejibu kwa wakati aliwekewa muda wa maongezi. Jumatatu wakuu wa afya wa wilaya walikuwa na hesabu ya vituo vyote mbele yao. Mradi huo ulijulikana kama SMS for Life. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa zilizokuwa zikifuatiliwa. Wiki ya 21, vilivyoishiwa vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini tatizo lilikuwa limekwisha kufikia wiki ya nane.

Kilichoongezeka ni taarifa. Kituo chenye ziada kikajulikana, dawa ikahamishwa kwenda kituo kisicho nayo, na maombi yakatumwa mapema kabla shelfu haijawa tupu. Kwangu mimi huo ndio mlango bora wa kuingilia somo la mnyororo wa ugavi, kwa sababu unaonyesha kwamba mzigo tunaorundika stoo ni fidia ya mambo tusiyoyajua. Tukijua zaidi, tunaweza kuweka kidogo na bado mgonjwa akapata dawa yake.

Tuchukue zahanati ya mfano inayotoa dozi 90 za dawa mseto ya malaria kwa mwezi, yaani dozi tatu kwa siku. Wataalamu huanza na namba hiyo, wastani wa matumizi. Kisha huuliza mzigo huchukua siku ngapi tangu ombi litumwe hadi boksi lishushwe mlangoni. Huo ni muda wa kusubiri mzigo, na ndani yake kuna mengi kuliko safari ya gari: fomu kukaa wilayani ikingoja sahihi, Bohari ya Dawa (MSD) kukusanya na kufungasha, gari kungoja mzigo wa vituo vingine ujae, barabara kupitika. Tuseme ni siku 30. Katika siku hizo zahanati itatoa dozi 90, kwa hiyo isingoje ibakiwe na 40 ndipo iagize. Juu ya 90 huongezwa akiba ya tahadhari, tuseme dozi 45, za kukinga lisilotarajiwa. Jumla ni 135, na hicho ndicho kiwango cha kuagizia: leja ikisoma 135, ombi linaondoka siku hiyohiyo.

Sasa masika yanakuja na mbu wanaongezeka. Matumizi yanapanda hadi dozi sita kwa siku, na kwa siku 30 zahanati inahitaji 180 wakati ina 135. Wagonjwa 45 wanakosa. Au tuseme wagonjwa hawakuongezeka, ila daraja limesombwa na mzigo umechukua siku 45: zahanati inamaliza dozi zake zote 135 siku ileile gari linapofika, na imeponea chupuchupu. Mambo hayo mawili yakikutana, kama yanavyokutana mara nyingi kwa kuwa mvua ndiyo inayoleta yote mawili, zahanati inahitaji dozi 270. Ina nusu yake.

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Wapangaji hushika wastani na kusahau kubadilikabadilika kwake. Zahanati ambayo mzigo wake huchukua siku 40 kila mara, bila kukosea, ina hali nzuri kuliko ile ambayo leo husubiri siku 15 na kesho 60, ingawa wastani wa ya pili ni mdogo. Ya kwanza inaweza kujipanga. Ya pili inalazimika kurundika, na dawa iliyorundikwa inazeeka. Ndiyo maana stoo za dawa hufuata kanuni ya kutoa kwanza inayoisha muda mapema, hata kama iliingia jana na nyingine imekaa miezi mitatu.

Kosa jingine limejificha kwenye leja yenyewe, nalo linaniuma zaidi kwa sababu huonekana kama kazi iliyofanywa vizuri. Zahanati yetu imetoa dozi 60 mwezi uliopita. Mtunza stoo anaandika matumizi 60, na ombi lijalo linakokotolewa kwa hiyo 60. Lakini dawa ilikuwa imeisha kwa siku 10 kati ya 30. Dozi hizo 60 zilitolewa kwa siku 20, kwa hiyo ni tatu kwa siku, na mahitaji ya kweli ni 90. Wagonjwa waliorudishwa siku zile 10 hawamo popote kwenye karatasi. Mwezi ujao italetwa dawa pungufu, itaisha mapema zaidi, na matumizi yatakayoandikwa yatashuka tena. Zahanati inazidi kukauka huku leja ikithibitisha kwamba mahitaji yanapungua! Kilichotoka stoo ni matumizi. Kilichohitajika ni mahitaji. Siku za kuishiwa lazima zihesabiwe na namba isahihishwe.

Dawa mseto ina mtego wake wa ziada. Pakiti huja kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa mtoto mdogo wa chini ya kilo 15, 12 na 18 kwa wakubwa wake, na 24 kwa mwenye kilo 35 na zaidi. Pakiti za 24 zikiisha na mtu mzima akaja anatetemeka kwa homa, mhudumu mwenye huruma anamfungia pakiti nne za vidonge 6. Kwa mgonjwa huyo amefanya sawa. Ila dozi za watoto wanne zimetoka kwa mpigo, na leja imeandika kwamba pakiti za watoto zinakwenda kwa kasi mno wakati za watu wazima hazitumiki. Ombi lijalo litaleta boksi za watoto tele. Neno moja pembezoni mwa leja, kwamba pakiti hizi zilikwenda kwa mtu mzima, lingezuia hilo.

Uongo wa namba hukua unavyopanda ngazi. Jay Forrester wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha mwaka 1958 jinsi mabadiliko madogo kwa muuzaji wa mwisho yanavyogeuka mawimbi makubwa kiwandani. Baadaye kampuni ya Procter & Gamble iliona jambo hilohilo kwenye nepi: watoto walizitumia kwa kasi ileile, lakini oda zilizopanda ngazi kwa ngazi ziliyumba vibaya. Kwenye dawa sababu moja inajulikana na kila mfamasia. Ukiomba 100 ukaletewa 50, safari ijayo utaomba 200. Jirani yako naye hivyo hivyo. Bohari inaona maombi yamepaa, inashindwa kujua lipi ni la kweli, inagawa nusu kwa wote, na hofu inaongezeka vituoni. Siwalaumu wanaoongeza namba. Wanatetea wagonjwa wao. Lakini mchezo huo utakoma tu pale anayegawa atakapoona shelfu halisi, kama walivyoona wale wa Lindi, na pale kituo kitakapoamini kwamba kikisema kweli hakitaadhibiwa kwa kupunguziwa.

Kamati za usimamizi wa vituo zinaweza kuanza kesho bila kompyuta. Wajumbe waombe leja na waulize, kwa kila dawa muhimu: robo hii iliisha kwa siku ngapi? Kisha waulize tarehe ambayo ombi la mwisho lilitumwa na tarehe mzigo ulipofika. Waandike majibu hayo kwenye daftari la kikao na kuyapeleka kwa mfamasia wa wilaya pamoja na ombi lijalo, ili siku zilizokauka ziingie kwenye hesabu ya dozi zitakazoletwa.