Mali Bila Daftari

Wengi wetu hapa Rhotia tumo katika VICOBA. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa akina mama watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Lakini hesabu zilikuwa za daftari, na kila mwaka kabla ya kugawana tulikesha tukijumlisha na kunung'unikiana.

Binti wa mwenzetu mmoja aliporudi likizo kutoka chuoni, alitutengenezea programu ya simu kwa jioni tatu tu. Je, ni mtaalamu wa kompyuta? La! Siku hizi programu hutengenezwa hata bila kuandika lugha ya kompyuta. Alitumia App Inventor, iliyotolewa na Google mwaka 2010 na ambayo sasa hutunzwa na chuo cha MIT cha Marekani. Humo mtu hupanga vipande vya maagizo kwenye skrini, kimoja juu ya kingine, kama mtoto apangavyo vibao.

Faida tuliziona. Programu ilitumia Kiswahili, ilifuata hisa zetu, wala haikutugharimu fedha. Jumla ya usiku kucha ilipatikana mara moja.

Ikaja siku ya kugawana. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikatwa shilingi 12,000, faini ya wiki 12 za kutofika. Katiba yetu humsamehe mfiwa, lakini hakuna aliyeiambia programu hivyo. Mama yule alilia, akataka kujitoa. Binti naye alikuwa amepata kazi Arusha, na hakuna mwingine aliyejua kuirekebisha. Bahati njema, katibu wetu hakuwa ameacha daftari. Tulimrudishia mwenzetu fedha zake, tukamwomba radhi.

Hatukuitupa programu. Ila tumekubaliana: akina mama watatu wajifunze kuirekebisha, kama zilivyo funguo tatu. Kabla ya kuitumia, tuijaribu kwa mambo magumu: mfiwa, aliyejifungua, aliyelipa nusu ya mkopo. Madeni ya watu yasionekane ovyo, kwani tangu mwaka 2022 iko sheria ya kulinda taarifa binafsi. Na tukitaka ipokee fedha yenyewe kwa simu, hapo tutamtafuta mtaalamu.

Na daftari? Linaendelea kuandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.