Anza na Mpagazi, Si Jenerali

Mtoto wa shule hukariri kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka 1914, akadhani ni habari za Ulaya tu. Mweleze kwamba vilipiganwa pia Tanga, Taveta na Rufiji, na kwamba jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilisalimu amri huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusitishwa Ulaya.

Kisha muulize: chakula na risasi vilifikaje porini? Reli zilikuwa chache, barabara haba, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Mizigo ikabebwa vichwani. Waingereza na Wajerumani waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu.

Hapo mpe kalamu apige hesabu. Tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku, na safari ni siku kumi kwenda na kumi kurudi. Atakula kilo 20, atafikisha tano. Askari 100 wanaokula kilo moja kila mmoja watahitaji wapagazi 20 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mpagazi yuko njiani siku 20, jumla ni wapagazi 400. Mtoto atajionea kwa nini posho ilipunguzwa na njaa ikaingia. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi.

Mdogo wa miaka saba yamtosha kujua kwamba watu walichukuliwa makwao na wengine hawakurudi. Wa miaka 12 atauliza kwa nini Waafrika walipigania wageni. Mjibu kweli: wapo waliofuata mshahara, wapo walioshurutishwa. Usimfiche kifo, wala usimsimulie majeraha.

Mkifika mjini, tazameni sanamu za kumbukumbu ya vita hivyo. Ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, amesimama askari peke yake. Ya Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Mwache mtoto aeleze tofauti hiyo kwa maneno yake.

Majina ya majenerali atayakuta vitabuni. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Kama ukoo wenu unalikumbuka hata moja, mtajie leo.