Akiba ya Kaya Huamuliwa Mwezi Juni

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, wananchi wa Hombolo huanza kuyatazama mawingu kwa macho ya mtu anayemngojea mdaiwa wake. Mashamba yamekwisha kusafishwa, mbegu zimetolewa darini, na ng'ombe wamekonda kwa kutembea mbali kutafuta majani. Swali linaloulizwa barazani, kisimani na kwenye mashine za kusaga ni moja tu: mwaka huu mvua itakuwaje? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa msimu, wazee nao husoma dalili zao, na kila mtu huondoka na jibu lililompendeza zaidi. Sisi hatuna ugomvi na swali hilo. Tunalosema ni kwamba limechelewa. Kama kaya itakula au itakopa mwezi wa Februari ni jambo lililokwisha kuamuliwa mwezi wa Juni, siku kihenge kilipojazwa na siku kilipoanza kupunguzwa.

Hombolo iko kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, umbali wa kilomita zipatazo arobaini. Mgeni anayefika huko kwa mara ya kwanza na kuliona bwawa kubwa lililojengwa mwaka 1957 katika mto Kinyasungwe Ndogo hudhani kwamba hapa habari ya ukame ni hadithi ya vijiji vingine. Amekosea. Bwawa huwafaa wavuvi na wenye bustani za kando yake, lakini halipandi mlimani kulinywesha shamba la uwele. Isitoshe, mchanga unaoletwa na mto umekuwa ukipunguza kina chake mwaka hata mwaka. Kaya nyingi za Hombolo, kama zilivyo kaya nyingi za mkoa huu, hula kile ambacho mvua imekubali kukiotesha.

Na mvua yenyewe twaijua. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa zao linalofaa, kiasi hicho si haba. Ubaya wa mvua yetu si uchache wake bali ni tabia yake. Hushuka kwa kishindo siku mbili, ikabomoa matuta, kisha ikaondoka bila kuaga. Mara nyingi mwezi wa Januari au Februari, wakati mtama unapojiandaa kutoa masuke, mbingu hufunga kwa wiki mbili au tatu. Hivyo huweza kutokea kwamba jumla ya mwaka ni nzuri katika daftari la mpima mvua, huku mkulima akiwa hana cha kuvuna.

Hali hiyo si mpya, na wazee wetu hawakuishi humu kwa bahati. Waliipa kila njaa jina lake ili isisahauliwe. Iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za Ugogo ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu 150,000. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini Wagogo walikuwa wamekwisha kuzoea mvua kukosekana. Walikuwa na nafaka ya miaka iliyopita, na walikuwa na ng'ombe wa kubadilishana na jirani aliyepata mavuno. Kilichoifanya Mtunya iwe Mtunya ni Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao majeshi ya Waingereza, yalichukua nafaka, yalichukua mifugo, na yaliwachukua vijana kuwa wapagazi. Ukame ulipobisha hodi ulikuta nyumba imekwisha kufagiliwa.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu siku hizi hakuna askari anayekuja kuvifunua vihenge vyetu. Huja lori la mnunuzi, tena kwa hodi na salamu, nasi tunamfungulia wenyewe. Mwezi wa Juni na Julai nafaka ni nyingi kila mahali, na bei ni ile anayoitaka mnunuzi. Mwezi wa Januari na Februari gunia lile lile hurudi kutoka mjini likiwa na bei nyingine kabisa. Jiji letu limekuwa kwa haraka tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na midomo inayolishwa na mashamba ya vijiji vya jirani imeongezeka. Soko hilo ni neema. Lakini soko halina huruma wala halina kumbukumbu. Hununua chakula cha mtoto na chakula cha ziada kwa bei moja.

Tusidhaniwe kuwa tunawalaumu wakulima kutoka kwenye kiti cha ofisini. Mmoja wetu katika meza hii ya uhariri aliwahi kuuza magunia sita ya mtama mwezi wa Julai ili aezeke nyumba kwa haraka kabla ya harusi ya mdogo wake. Februari iliyofuata alinunua magunia matatu kwa fedha zaidi ya zile alizopata kwa yote sita. Bati zake zilikuwa nzuri sana, na chini yake watu walikula mlo mmoja kwa siku. Mahitaji yanayomsukuma mtu kuuza ni ya kweli: deni la pembejeo, dawa, sare za watoto, msiba. Hatusemi kwamba mtu asiuze. Tunasema ahesabu kwanza.

Na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Tukadirie nusu kilo ya nafaka kwa kila mtu kwa siku, tukijumlisha wakubwa na wadogo. Kaya ya watu sita itahitaji kilo tatu kwa siku, yaani kilo 1,095 kwa mwaka, au magunia kumi na moja ya kilo mia moja. Ongeza mbegu, ongeza ya wageni na ya sherehe, kwa kuwa Mgogo hamkatai mgeni. Aliyevuna magunia kumi na tano ana machache ya kuuza. Aliyevuna tisa hana hata moja, na kila gunia analolipakia kwenye lori ni deni alilojiandikia kwa mkono wake mwenyewe. Huyo afadhali auze mbuzi, tena amuuze mwezi wa Julai akiwa mnene, kuliko Desemba wakati mifugo yote imekonda na kila mtu anauza.

Kuna jambo la pili, nalo ni nafaka gani iwekwe. Hapa tunajua kwamba tutawaudhi baadhi ya wasomaji. Ugali wa mahindi umekuwa alama ya maendeleo, na wapo vijana wanaoona haya kumpakulia mgeni ugali wa uwele. Lakini mahindi ni mgeni asiyeyavumilia mapumziko ya mvua yetu, na hata yakivunwa ni mepesi kuliwa na wadudu ghalani. Dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, alipewa na wananchi jina la Scania, kwa jinsi alivyobeba mzigo mkubwa kwa safari moja. Chakula chake akipendacho ni mahindi na muhogo mkavu. Punje ndogo za uwele hazimpi nafasi hiyo, na uwele uliokaushwa vizuri hukaa miaka kadhaa bila kuharibika. Ndiyo sababu wazee waliuita mwaka mmoja wa mavuno mazuri chakula cha miaka miwili.

Hombolo kwenyewe kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na mtama na uwele. Mbegu zinazopendekezwa kwa nyanda hizi zina majina ambayo yenyewe ni kama dua: Tegemeo na Macia kwa mtama, Okoa na Shibe kwa uwele. Hukomaa mapema kuliko za asili, na hiyo ndiyo faida yake mvua inapokata kabla ya wakati. Hatufichi kwamba nafaka hizi zina taabu zake. Kwelea kwelea huweza kulimaliza shamba kwa siku chache, kuamia ndege huwaondoa watoto shuleni, na kukoboa uwele kwa kinu ni kazi inayoangukia mabega ya akina mama peke yao. Anayehimiza uwele bila kuitaja mashine ya kukoboa, anahimiza kazi ya mtu mwingine.

Nafaka ikishachaguliwa, ikaushwe. Katika jambo hili hatuna mzaha, kwa kuwa mwaka 2016 watu 20 walikufa kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu waotao kwenye nafaka yenye unyevu. Haionekani kwa macho na haiondolewi na moto wa jikoni. Nafaka isianikwe kwenye udongo mtupu, bali juu ya turubai au mkeka. Punje zilizooza au zilizobadilika rangi zitengwe, wala wasipewe kuku. Kujua kama nafaka imekauka, ipo njia ya nyumbani isiyohitaji chombo cha kitaalamu. Chukua chupa kavu, tia punje kiasi cha robo pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado upo. Rudisha nafaka juani. Zikishakauka, punje zihifadhiwe kwenye kihenge kilichosiribwa upya, au, kwa mwenye uwezo, kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo madukani huitwa mifuko ya kinga njaa. Mfuko huo hauhitaji dawa, ila ukitobolewa na panya umekuwa mfuko wa kawaida.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya bati yenye mita nane kwa sita, katika mwaka wa milimita 550, hupokea lita 26,400. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika, zinabaki zaidi ya lita 21,000, yaani karibu ndoo tano za lita ishirini kwa kila siku tangu Mei hadi mwisho wa Novemba. Maji hayo yote kwa sasa hupita mbele ya mlango na kuchimba korongo. Si kila mtu anaweza kujenga tangi la kuyaweka yote. Lakini hata tangi la lita 5,000 ni ndoo 250, na kwa ndoo mbili za kunywa na kupikia kila siku ni miezi minne ambayo binti hatatumwa bwawani alfajiri. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe bati, na tangi lifunikwe ili mbu wasizalie.

Mwaka mwingine taabu huwa kinyume. Tembe, nyumba yetu ya asili yenye paa la udongo, hustahimili jua kuliko nyumba yoyote, lakini mvua ya wiki nzima mfululizo hulilemea paa hadi likaanguka juu ya waliolala. Wakazi wa bonde la Kinyasungwe hawajasahau mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto huo ulipofurika, ukaikata Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa na kuwaacha wengi wa Kilosa bila makazi. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, kabla ya jembe, mwenye tembe apande juu ya paa lake. Boriti iliyoliwa na mchwa ibadilishwe, na mfereji wa kuzunguka nyumba uzibuliwe. Kihenge kiinuliwe juu ya mawe.

Kuhusu mboga, akina mama wa Hombolo hawahitaji somo letu. Mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa wakati wa masika ndiyo kitoweo cha Septemba. Labda tuseme neno juu ya kuku, kwa kuwa ndio fedha ndogo ya kaya na hufa wote kwa mdondo wakati wa kiangazi, pale pale wanapohitajika. Chanjo yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Limebaki la ufunguo. Katika kaya ya Kigogo ya zamani kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na vihenge vyake, na mume hakuingiza mkono humo bila mazungumzo. Siku hizi ghala limekuwa chumba chenye kufuli, na mara nyingi kufuli hilo hufunguliwa na mtu ambaye si yeye atakayeulizwa na watoto jioni kuna nini. Mnunuzi naye amelijua hilo. Humsubiri baba kilabuni wala hafiki nyumbani. Tungependa kuviona vikao vya vijiji vyetu, mara baada ya mavuno ya mwaka huu, vikilijadili jambo hili waziwazi, akina mama wakiwapo na wakisema: kwamba kaya ihesabu magunia yake mbele ya wote wawili, kwamba kumi na moja ya watu sita yatiwe alama ya chokaa, na kwamba lori lionyeshwe yale tu yasiyo na alama. Kijiji kitakachojaribu kitatuandikia Februari, nasi tutaichapa barua yake katika ukurasa huu huu.