Mmisri aliyeitangulia Paris kwa ngoma ya pepo

Ukimwuliza mwanafunzi wa muziki ni nani wa kwanza kuchukua sauti zilizonaswa kwa mashine, akazigeuzageuza na kuzifanya muziki, mara nyingi atakujibu: Pierre Schaeffer, Mfaransa, mjini Paris mwaka 1948. Ndivyo vitabu vingi vilivyosema kwa muda mrefu. Lakini miaka minne kabla ya hapo, kijana wa miaka 23 alikuwa ameshaifanya kazi hiyo mjini Cairo, na sauti aliyoitumia ilikuwa ya kina mama wakipunga pepo. Kijana huyo ni Halim El-Dabh.

El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921, katika familia ya Wakristo wa Kikopti. Nyumbani kwao muziki ulipendwa, naye alijifunza piano na darabuka, ile ngoma ambayo sisi wa taarab tunaiita dumbaki. Hata hivyo chuoni alisomea kilimo. Muziki ulikuwa mapenzi ya moyo, si kazi ya kumlisha.

Mwaka 1944 aliazima mashine ya kunasia sauti kutoka ofisi za redio. Wakati huo tepu zilikuwa bado hazijaenea, na sauti ilinaswa juu ya waya mwembamba wa chuma. Mashine yenyewe ilikuwa mzigo wa kubeba. Yeye na rafiki yake wakaibeba hadi kwenye zar.

Zar ni nini? Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu. Mtu anaumwa, inasemekana ana pepo, basi wanakusanyika kina mama kwa ngoma, nyimbo na ubani mpaka pepo atulizwe. Misri, Sudan na Ethiopia wanaiita zar. Sisi tunasema kupunga, na miongoni mwa pepo wanaotajwa katika pwani ya Waswahili wamo wanaoitwa wa Kihabeshi. Najua masheikh wetu wanalikemea jambo hili, na wana hoja zao za dini. Makala haya hayamwiti mtu kwenda kupunga. Ninazungumzia sikio la kijana aliyesikia kitu ambacho wenzake walikipita.

Zar ilikuwa shughuli ya wanawake. Kwa maelezo yake mwenyewe, El-Dabh na rafiki yake walijifunika vichwa ili waweze kuingia. Walipotoka, walikuwa na sauti za kina mama ndani ya waya.

Angeweza kuishia hapo, na ungekuwa ni ukumbusho tu wa shughuli. Lakini aliirudisha sauti ile studio za redio akaanza kuichezea. Kila sauti ya mwimbaji ina sauti kuu tunayoisikia waziwazi, na juu yake kuna sauti nyingine ndogondogo zinazoipa rangi. El-Dabh aliipunguza ile sauti kuu, akaziacha hizo ndogondogo zibaki. Kisha akazipitisha katika chumba cha mwangwi na kuzinasa upya. Maneno yakapotea na ngoma ikafifia. Kilichobaki ni kama uvumi unaotoka mbali, mfano wa sauti za harusi ya mtaa wa pili zinapokufikia usiku kwa upepo. Mwaka huohuo aliwasikilizisha watu kazi hiyo katika ukumbi mmoja wa Cairo.

Baada ya hapo, kimya. Schaeffer hakumwibia mtu. Alifika kwa njia yake mwenyewe, lakini alikuwa na redio ya Ufaransa nyuma yake. Kazi yake ilirushwa hewani, akaipa jina, akaandika juu yake. El-Dabh alikuwa na waya wa kuazima na wasikilizaji wachache.

Hata hivyo mtu mwenyewe hakupotea. Mwaka 1949 alipiga piano mjini Cairo, kazi aliyoitunga kutokana na vita vya Palestina vya 1948. Ilisifiwa sana, na mwaka uliofuata akaenda Marekani kusomea muziki. Mwaka 1958 jina lake lilivuma New York, alipotunga muziki wa Clytemnestra, dansi kubwa ya Martha Graham. Mwaka 1959 aliingia studio ya muziki wa elektroniki ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, mahali palipokuwa na mitambo ambayo Cairo aliikosa. Humo alitunga Leiyla and the Poet, inayotokana na kisa cha Laila na Majnun tunachokijua sote.

Afrika nayo hakuisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifundisha chuo kikuu cha Addis Ababa, na mwaka 1963 alianzisha kundi la Orchestra Ethiopia, lililowaweka pamoja wapiga ala za jadi wa makabila mbalimbali ya nchi ile. Kuanzia 1969 alifundisha chuo kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio. Mwaka uliofuata askari waliwapiga risasi wanafunzi wanne wakafa katika chuo hichohicho, naye akalitungia opera tukio hilo. Na ukienda Giza usiku kutazama maonyesho ya taa na sauti kwenye mapiramidi, yaliyoanza 1961, muziki wake ni wa El-Dabh. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Na ile kazi ya 1944? Mwaka 2000 kipande chake kilitolewa kwenye sidii. Ni kama dakika mbili tu, lakini dakika hizo mbili zimewafanya wataalamu wairudie historia yao na kuliandika jina la Cairo kabla ya Paris. Miaka hamsini na sita walikuwa hawajazisikia.

Hapo ndipo ninapotufikiria sisi. El-Dabh aliazima mashine nzito kwa siku chache. Leo karibu kila nyumba ya Mombasa, Malindi na Lamu ina simu inayonasa sauti safi kuliko waya ule. Tunanasa nini? Harusi tunainasa, lakini kamera inafuata mavazi na chakula. Mzee anayejua kupiga zumari na nyanya anayezijua nyimbo za vugo kwa mpangilio wake hawanaswi, na wakiondoka wanaondoka nazo.

Basi tuanze na jambo jepesi. Muombe mzee wako ruhusa, maana sauti ni yake. Nasa wimbo mzima, usiukate. Kisha sema mwenyewe kwenye simu jina lake, mtaa wake, tarehe, na wimbo huo unaimbwa wakati gani. Weka nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini. El-Dabh aliingia kwenye zar akiwa amejifunika kichwa. Sisi wazee wetu tunaishi nao nyumba moja.