Bei ya Maji: Kwanza Tuone Yanakokwenda

Ndugu mfanyakazi, shirika la maji likitangaza nyongeza ya bei, mabishano huanza kiwandani kabla king'ora cha asubuhi hakijalia. Mmoja husema maji ni ya Mungu, hayauzwi. Mwingine husema serikali inakusanya kodi, basi ilipe yenyewe. Wote wawili wana haki kwa kiasi fulani. Lakini maji ya Mungu hayajisafishi yenyewe, wala hayapandi mlima yenyewe mpaka yafike kwenye tangi.

Tutazame mji wa Mbarara. Kwa miaka mingi mji huu umekunywa maji ya mto Rwizi, unaoanzia katika milima ya Buhweju, kule wanakofanya kazi wenzetu wachuma chai. Pale Ruharo pampu huyavuta maji mtoni, yakatiwa shabu ili tope litulie chini, yakachujwa, yakatiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha yakasukumwa tena hadi kwenye matangi ya milimani. Kila hatua ina gharama yake: umeme, dawa, vipuri, mshahara wa fundi wa zamu ya usiku. Na gharama hupanda kila mto unapoharibiwa. Watu wanalima mpaka ukingoni, wanakausha mabwawa ya mafunjo, wanachimba mchanga. Tope likizidi, shabu nayo huzidi. Anayelima ukingoni halipi shabu hiyo. Hulipwa na mwenye mita mjini.

Kwa hiyo hatusemi bei isipande kamwe. Tunachouliza ni hiki: ni kitu gani kitangulie?

Jibu lipo hapa hapa Uganda. Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu, ambalo wengi tunaliita NWSC, liliundwa mwaka 1972 kuhudumia Kampala, Jinja na Entebbe. Kufikia mwaka 1998 hali yake ilikuwa mbaya mno. Zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa hayakuleta hata senti moja, kwa kuwa yalivuja ardhini, yaliibwa, au yalipita kwenye mita mbovu. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 1,800, yaani 36 kwa kila wateja 1,000. Madeni yalikuwa yamelilemea shirika. Laiti lingepandisha bei siku ile, mwananchi mwaminifu angelipia maji yake na ya mwizi pia.

Novemba 1998 William Muhairwe alifanywa mkurugenzi mkuu, na mwaka 1999 ukaanza mpango wa siku 100. Mabomba yaliyovuja yalizibwa, mita zikabadilishwa, waliojiunganishia maji kwa siri wakasakwa, na ankara zikaanza kufuatiliwa. Miaka michache baadaye maji yaliyopotea yalikuwa yameshuka hadi karibu theluthi moja. Bado ni mengi, lakini si nusu tena.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi hatuwezi kuisimulia habari hii kwa makofi tu. Idadi ya wafanyakazi ilipunguzwa hadi kukaribia 1,000, na kila aliyeondoka alikuwa na watoto wa kulisha. Mizani iliyofufua shirika ilibebwa kwanza na wafanyakazi wake. Mtu asije leo akatuambia kwamba mageuzi yale hayakumgharimu mtu.

Hata hivyo, angalia utaratibu wake. Bei haikutangulia. Ni mwaka 2002, shirika likiwa limekwisha kuonyesha kazi yake, ndipo ulipoanza utaratibu wa kurekebisha bei kila mwaka kufuatana na kupanda kwa gharama. Kisha mwaka 2004 likaja jambo ambalo lingefaa kuigwa. Kabla ya hapo maskini alishindwa kupata bomba, si kwa sababu ya ankara ya mwezi, bali kwa fedha nyingi alizodaiwa siku ya kwanza za kuunganishiwa. Shirika likachukua mzigo wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na bomba kuu, na gharama hiyo ikaingizwa katika bei ya wateja wote. Huo ulikuwa mzigo juu ya wateja, lakini jirani alionekana akichimbiwa mtaro wa bomba lake. Mtu aliona kwa macho fedha yake imekwenda wapi.

Kwingine walianza mkiani. Huko Cochabamba, nchini Bolivia, maji yalikabidhiwa kampuni ya kigeni na bei ikapandishwa kabla huduma haijabadilika. Aprili 2000 watu walijaa barabarani mpaka mkataba ukavunjwa. Dar es Salaam nako kampuni ya City Water ilianza kazi mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali ya Tanzania ikauvunja mkataba wake.

Sasa tuje Nakivale, wilayani Isingiro, jirani na Mbarara. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Wengi wao ni wasomaji wa ukurasa huu, na vibarua wa mashamba ya jirani. Maji yao huvutwa kutoka ziwa Nakivale na kusafishwa. Kwa miaka mingi gharama ilibebwa na UNHCR na wafadhili, na mkimbizi alichota bila kulipa. Siasa ya serikali sasa ni kwamba mitambo ya makazi ya wakimbizi itoke mikononi mwa mashirika ya misaada na kuingia mikononi mwa mashirika ya maji ya nchi, yanayojiendesha kwa ankara.

Siasa hiyo ina hoja nzito. Msaada huisha, na pampu iliyokufa haimngojei mfadhili mpya. Lakini mgawo wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulikatwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, ukafikia asilimia 40 mwezi Februari 2021, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja wakaondolewa kabisa katika mgawo. Mama aliyepunguziwa posho atatoa wapi fedha ya jerikani? Akishindwa atarudi ziwani na ndoo yake, na kipindupindu hakiulizi nani ni mkimbizi na nani ni mwenyeji.

Maoni yetu ni kwamba mwenye duka, hoteli au bomba la nyumbani ndani ya Nakivale alipe kwa mita kama mtu wa Mbarara. Bomba la wote liendelee kulipiwa na wafadhili, ila kwa ankara halisi kwa shirika la maji, ili mafundi wapate mshahara wao na pampu zipate vipuri.

Na bomba hilo la wote lina hesabu yake, huko Nakivale na hata katika mitaa ya Mbarara wanakopanga wafanyakazi wa viwanda. Uniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Kwa kanuni, bei ya shirika kwenye bomba la wote ndiyo ya chini kuliko zote. Lakini muuzaji akitoza, tuseme, shilingi 100 kwa jerikani, mpangaji analipa shilingi 5,000 kwa uniti, na ziada yote hubaki kwa muuzaji. Haiendi kwenye bomba wala kwenye shabu.

Shirika likiita mkutano juu ya bei, wajumbe wa matawi waende na maswali matatu. Katika kila jerikani 100 zinazotoka mtamboni, ngapi zinapotea? Kambi za jeshi, polisi na ofisi za serikali zinadaiwa kiasi gani, na zitalipa lini? Na bei halali ya jerikani itaandikwa lini kwa rangi, kwa Kiswahili na Kinyankole, juu ya kila kioski?