Kuuza Gari la Mbio Lililotunzwa

Aghalabu mtu akitaka kuuza gari kuukuu hupewa nasaha ya haraka: lioshe, lipige picha, litangaze, kisha mpe wa kwanza mwenye fedha mkononi. Nasaha hiyo huenda ikamfaa mwenye gari la kwendea kazini na kurudi; ama mtu aliyekaa na Subaru Impreza ya turbo kwa miaka mingi, akaitunza kwa gharama yake, akaibadilisha oili kwa wakati wake na kuwanyima funguo vijana waliotamani kuikimbiza usiku, kwake yeye ni hasara tupu, kwa kuwa kinachoipa gari hiyo thamani si rangi wala rimu bali ni mambo yasiyoonekana kwa macho, na mambo hayo asipoyadhihirisha mwenyewe hakuna mwingine atakayemdhihirishia.

Nchini Kenya Impreza ina sifa ya pekee. Ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na mashindano ya Safari Rally, ambayo yenyewe yalianza mwaka 1953, ndiyo yaliyoipa jina katika nchi hii: Colin McRae alishinda akiiendesha mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Wengi waliokuwa watoto wakati huo, wakisimama kando ya njia kungoja vumbi lake, leo ni watu wazima wenye kazi na akiba. Tena iko sheria isiyoruhusu kuingiza Kenya gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Na kwa kuwa kizazi cha kwanza cha Impreza kilikoma mwaka 2000, na cha pili mwaka 2007, hakuna hata moja ya vizazi hivyo itakayoshushwa tena Kilindini. Zilizopo ndizo hizo hizo, na kila mwaka hupungua, nyingine kwa ajali, nyingine kwa kung'olewa vipuri. Mwenye kuuza iliyo nzima asijione kama mtu anayeondoa mzigo uani kwake.

Mbona basi wanunuzi huja na bei za kudhalilisha? Mtaalamu wa iktisadi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza jambo hili katika makala ya mwaka 1970 iliyochukua mfano wa soko la magari yaliyotumika, naye mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Mnunuzi, asema, asipoweza kupambanua gari zima na gari bovu, hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humfurahisha mwenye bovu na kumdhulumu mwenye zima, hata mwenye zima akaliondoa gari lake sokoni, na yanayobakia yakazidi kuwa mabovu. Kwa Impreza shaka hiyo ni kubwa maradufu, maana si haba zilizopita mikononi mwa watu walioongeza presha ya turbo, wakakata ekzosi ili ingurume, wakaipeleka injini mbio kabla haijapata moto, kisha wakaipiga rangi na kuiuza kwa maneno matamu.

Basi mwenye kuuza kwanza na akusanye ushahidi. Risiti zote, hata zile zilizofifia na kukunjamana, zipangwe kwa tarehe katika jalada moja, na kila moja iandikwe kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi siku ile. Kwani mita huweza kurudishwa nyuma na mlaghai, lakini ni taabu kubwa kughushi mfululizo wa risiti za miaka kumi zenye mihuri ya gereji na maduka mbalimbali. Iliyo adhimu kuliko zote ni risiti ya mkanda wa taimingi, ambao katika injini hii hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Mkanda huo ukikatika gari likiwa mwendoni, vali hugongana na pistoni, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa chuma chakavu jioni. Mnunuzi mwenye maarifa ataiulizia karatasi hiyo kabla hajauliza bei. Na ikiwa kipuri chochote cha asili kilitolewa ili kuwekwa kingine, na kile cha kiwandani bado kiko stoo, kitolewe kifutwe vumbi na kiende pamoja na gari.

Pili, aibu za gari zitajwe na muuzaji mwenyewe. Najua wengi hapa watanipinga, lakini ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyoyaandika humu. Wanavyuoni wa fiqhi, ambao mafundisho yao yamesomwa katika miji ya pwani tangu dahari, walimpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa iliyofichwa aibu. Nao walijua kwamba biashara haisimami pasipo amana. Ikiwa bampa la mbele liligongwa na kutengenezwa, au kompresa ya eyakondishena haipozi, iandikwe katika tangazo. Atakayekimbia kwa sababu hiyo angalikimbia hata hivyo siku ya kuja kukagua, baada ya kuwapotezea nyote wakati. Na atakayebaki ataanza kuyasadiki na yale mema uliyomwambia.

Siku ya kukagua, injini na isiwashwe kabla ya mgeni kufika. Mnunuzi makini huja na fundi wake, na fundi hodari huanza kwa kuweka kiganja juu ya boneti: akilikuta lina moto, huuliza kwa nini. Akilikuta baridi, hulifungua, akalinganisha namba ya chesisi na ile ya hati, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa na kukichovya tena. Kisha hutoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha polepole juu ya bodi kutoka mlangoni hadi madigadi ya nyuma, na pale inaposita kushika hujua kwamba chini ya rangi mna filla. Injini inapowaka yeye husimama nyuma ya gari: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayopenya ndani. Akiomba kupima mgandamizo wa silinda zote nne, mkubalie kwa uso mkunjufu, kwani hesabu hizo nne zikikaribiana zitakutetea kuliko maneno yako.

Ama kulijaribu barabarani, anza wewe kuendesha, mwonyeshe jinsi turbo isivyoamrishwa kabla ya oili kupata joto, na jinsi injini inavyoachwa ingurume kitambo kabla ya kuzimwa baada ya mbio. Zamu yake ikifika, tazama leseni yake, hakikisha bima inamhusu, na wewe ukae kando yake. Usimkabidhi mtu funguo ukabaki umesimama barazani.

Madalali watapiga simu mapema kuliko wanunuzi, wakisema wana mteja tayari. Wasikilize kwa adabu, wala usiwaachie hati wala funguo.

Mkishapatana, andikeni mkataba, ikiwezekana mbele ya wakili, wenye tarehe, saa, kilomita na aibu zilizotajwa, na fedha zipitie benki. Hundi isihesabiwe malipo mpaka benki ithibitishe kwamba fedha zimeingia. Kisha milki ihamishwe siku ile ile kupitia akaunti yako ya serikali mtandaoni, naye mnunuzi akubali kwa akaunti yake. Sheria ya barabara ya Kenya humhesabu aliyeandikwa katika hati kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hutoa siku 14 za kuomba usajili mpya. Gari lenye kasi kama hili likigonga mtu ndani ya siku hizo, barua ya wakili itabisha kwanza mlangoni kwako. Kwa hiyo iarifu na kampuni ya bima siku hiyo hiyo, uwaulize pia kama unastahili kurudishiwa sehemu ya ada ya miezi iliyosalia.